Nani Aliiua Jamhuri Changa ya China?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanahistoria wenzangu, na wanafunzi mliofika jioni hii,

Wengi wetu tulifundishwa historia ya miaka ya mwanzo ya Jamhuri ya China kwa mpangilio mmoja: ufalme ulianguka mwaka 1911, jamhuri ikashindwa kwa sababu wananchi hawakuwa tayari kwa demokrasia, wasomi wakagundua kwamba kasoro ilikuwa ndani ya utamaduni wao wa kale, ndipo wakaanzisha mwamko wa fikra uliobadilisha nchi. Mpangilio huo ni rahisi kukariri, na ninaamini ndiyo sababu umedumu. Jioni hii ninakusudia kuupinga kwa sehemu. Nitadai kwamba jamhuri ile iliuawa kwa risasi na kwa fedha za mkopo, na kwamba wasomi waliokwenda kumtafuta muuaji ndani ya vitabu vya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, walikuwa na sababu nzuri za kumshuku mzee yule, lakini walimkamata mshukiwa wa pili wakamwacha wa kwanza akitembea huru.

Tuyatazame kwanza mapinduzi yenyewe, kwa kuwa namna yalivyoanza inaeleza mengi ya yaliyofuata. Tarehe 9 Oktoba 1911, katika eneo la Warusi mjini Hankou, bomu lililokuwa likitengenezwa na wanamapinduzi lililipuka kwa bahati mbaya. Polisi walipofika walikuta daftari za majina ya wanachama, na wengi wa waliotajwa humo walikuwa askari wa Jeshi Jipya, jeshi ambalo serikali yenyewe ililiunda na kulifundisha kwa mbinu za kisasa. Askari hao walijua kwamba wakikaa kimya watakamatwa na kuuawa mmoja baada ya mwingine. Jioni ya tarehe 10, ng'ambo ya mto Yangzi, kikosi cha wahandisi wa jeshi mjini Wuchang kiliasi na kuiteka ghala ya silaha. Ulinzi wa mji ulikuwa umepungua, kwani baadhi ya vikosi vilikuwa vimepelekwa jimbo la Sichuan kuzima ghasia zilizotokana na uamuzi wa serikali wa kutaifisha njia za reli na kuziweka chini ya mkopo wa mabenki ya kigeni. Gavana akatoroka. Viongozi wa njama walikuwa ama wamekamatwa, ama wamejeruhiwa, ama wako mbali, hivyo waasi wakamshika afisa mwenye cheo, Li Yuanhong, ambaye hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo, wakamlazimisha kuwa gavana wa kijeshi. Sun Yat-sen, ambaye jina lake ndilo tunalolihusisha na mapinduzi haya, alikuwa Denver, Marekani, na habari aliisoma gazetini.

Kabla ya mwaka kwisha, majimbo zaidi ya kumi yalikuwa yamejitenga na Beijing. Tarehe 1 Januari 1912 Sun aliapishwa mjini Nanjing kuwa rais wa muda wa jamhuri, na siku hiyohiyo nchi ikaanza kufuata kalenda ya jua. Hata hivyo rais huyu hakuwa na jeshi wala hazina ya maana. Jeshi lenye nguvu kuliko yote, lile la kaskazini, lilimtii Yuan Shikai, afisa wa zamani wa ufalme aliyeitwa kutoka mapumziko ya kulazimishwa ili aizime jamhuri, naye akaona faida kubwa zaidi katika kuiuzia pande zote mbili amani. Mapatano yakafikiwa: Yuan amng'oe mfalme, naye apewe urais. Tarehe 12 Februari 1912 Mama Mfalme Longyu alitangaza kujiuzulu kwa niaba ya Puyi, mtoto wa miaka sita, na utawala wa nasaba ya Qing uliodumu tangu 1644 ukafika mwisho. Mtoto yule aliachiwa cheo chake, akaahidiwa ruzuku ya tael milioni 4 za fedha kwa mwaka, na akaendelea kuishi ndani ya kasri mjini Beijing hadi 1924. Kwa hiyo jamhuri ilizaliwa ikiwa na mfalme ndani ya nyumba na jenerali mlangoni.

Pamoja na hayo, ningependa msidharau yaliyobadilika. Kwa zaidi ya karne mbili na nusu, wanaume wa Kichina walilazimishwa na watawala wao Wamanchu, yaani nasaba ya Qing, kunyoa sehemu ya mbele ya kichwa na kusuka nywele za nyuma mkia mrefu, na aliyekataa alihesabiwa kuwa mwasi. Sasa askari wa jamhuri walisimama kwenye malango ya miji na mikasi mikononi, wakiwakata wakulima waliokuja sokoni, wengine wakilia na kuokota mikia yao kwenda nayo nyumbani. Kitendo hiki kiliigusa siasa mwilini mwa mtu kuliko tangazo lolote la Nanjing, na ndani yake tayari kulikuwa na shida: uhuru ulikuwa ukigawiwa kwa kulazimishwa.

Ndipo ukaja uchaguzi wa mwishoni mwa 1912 na mwanzoni mwa 1913, na hapa naomba nikae kidogo, kwani hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Waliosajiliwa kupiga kura walikuwa takribani milioni 40, kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi, wote wanaume wenye mali au elimu ya kiwango fulani. Wanawake waliachwa nje ijapokuwa baadhi yao walishika silaha katika mapinduzi. Agosti 1912, chama cha Guomindang kilipoundwa Beijing kwa kuunganisha vyama kadhaa na kuondoa usawa wa jinsia katika ilani yake ili kuwaridhisha washirika wapya, mwanaharakati Tang Qunying alipanda jukwaani mbele ya mkutano mzima na kumzaba kofi Song Jiaoren, mwandalizi mkuu wa muungano huo. Ninamwelewa Tang. Lakini Song, kijana aliyekuwa na umri wa miaka 30, alikuwa amefanya jambo lisilowahi kufanywa na yeyote katika nchi ile: alizunguka majimboni akihutubia, akaeleza kwa nini waziri mkuu anapaswa kuwajibika kwa bunge, na chama chake kikapata viti 269 kati ya 596 vya baraza la chini, mbali sana na chama kingine chochote. Kulikuwa na hongo katika uchaguzi ule na kulikuwa na vitisho, kama ilivyokuwa katika chaguzi nyingi za Ulaya wakati uleule. Hata hivyo watu walipiga kura, kura zikahesabiwa, na aliyeonekana kushindwa ni rais aliyekuwa madarakani.

Usiku wa tarehe 20 Machi 1913, Song alipokuwa akielekea kupanda treni ya Beijing katika kituo cha reli cha Shanghai, alipigwa risasi. Alifariki siku mbili baadaye. Akiwa hospitalini alitaja maneno ya telegramu ipelekwe kwa Yuan Shikai, akimwomba alinde haki za wananchi na kuisaidia nchi kupata katiba madhubuti. Uchunguzi ulifichua mawasiliano ya telegramu yaliyowahusisha wapanga njama na ofisi ya waziri mkuu wa Yuan. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia Yuan mwenyewe hatiani, na wahusika wakuu kadhaa walikufa kabla mwaka uliofuata haujakwisha. Bunge lilifunguliwa tarehe 8 Aprili likiwa limempoteza kiongozi wake. Kabla mwezi huo haujakwisha, Yuan alitia saini mkopo wa pauni milioni 25 kutoka kwa mabenki ya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na Japani, uliodhaminiwa kwa mapato ya kodi ya chumvi, bila idhini ya bunge hilo ambalo kisheria ndilo lililopaswa kuukubali. Kwa fedha hizo alilipa majeshi yake, na magavana wa kusini walipoasi mwezi Julai alikwisha kuwashinda katika muda wa miezi miwili. Mwezi Oktoba wabunge walizingirwa na umati wa watu waliojiita wananchi hadi walipomchagua Yuan kuwa rais kamili. Mwezi Novemba zaidi ya wabunge 400 wa Guomindang walivuliwa ubunge. Januari 1914 bunge likavunjwa.

Nawauliza, ndugu zangu: katika mlolongo huo, ni wapi ambapo utamaduni wa miaka elfu mbili uliingia? Ninachokiona ni bastola, mkopo na mabenki matano yaliyopendelea mtu mmoja mwenye mkono mzito kuliko bunge lenye maswali.

Yuan mwenyewe, hata hivyo, ndiye aliyemleta Confucius kizimbani. Mwezi Desemba 1914 alikwenda kwenye Hekalu la Mbinguni kutoa sadaka kama walivyofanya wafalme, akisafirishwa kwa gari la deraya kupitia mitaa iliyofungwa na askari. Shule ziliagizwa kurudisha mafunzo ya vitabu vya kale. Mwaka uliofuata Japani ilimletea madai yake 21, na mwezi Mei alikubali sehemu kubwa ya madai hayo kwa shinikizo la tishio la vita. Kisha Desemba 1915 akakubali kuvikwa taji. Kutoka Yunnan, Jenerali Cai E alianzisha uasi kabla mwezi haujakwisha, majimbo mengine yakamfuata, na mwezi Machi 1916 Yuan akaufuta ufalme ambao hata sherehe ya kuutawaza haijafanyika. Alikufa tarehe 6 Juni. Baada yake majenerali wake waligawana nchi, na mmoja wao, Zhang Xun, aliyewazuia askari wake kukata mikia ya nywele, aliingia Beijing na Julai 1917 akamrudisha Puyi kwenye kiti kwa siku 12.

Sasa tunaweza kumwelewa Chen Duxiu. Huyu hakuwa msomi wa maktabani aliyeamka asubuhi moja akachukia mababu. Alishiriki mapinduzi, akashiriki uasi wa 1913, akakimbilia Japani uliposhindwa, na aliporudi Shanghai alianzisha jarida la vijana, Septemba 1915, jarida ambalo mwaka uliofuata lilichukua jina la Vijana Wapya. Hoja yake ilikuwa kwamba jamhuri haiwezi kusimama juu ya familia zinazomfundisha mwana kumtii baba, mke kumtii mume na raia kumtii mtawala bila kuuliza. Ni hoja nzito, na kwa mtu aliyeona picha ya Yuan akiwa na mavazi ya sadaka, ilikuwa hoja ya siku ileile. Mimi nasema tu kwamba iliyageuza maswali ya bunge, ya bajeti na ya udhibiti wa jeshi kuwa maswali ya tabia ya Mchina, na Mchina mkulima, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote, akajikuta akilaumiwa kwa kosa la majenerali.

Kituo cha mjadala kilihama kutoka Shanghai kwenda Chuo Kikuu cha Beijing mwaka 1917, Cai Yuanpei alipokuwa mkuu wa chuo. Cai alipata shahada ya juu kabisa katika mitihani ya kifalme, akasoma falsafa Leipzig, na alikuwa waziri wa kwanza wa elimu wa jamhuri. Alikuta chuo ambamo vijana walisubiri vyeti ili wapate vyeo serikalini, jambo lisiloshangaza kwani mitihani ya kifalme, ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa ngazi ya kupandia madarakani, ilikuwa imefutwa mwaka 1905 tu. Aliajiri watu kwa uwezo wao bila kujali mrengo wao. Chen akawa mkuu wa kitivo cha fasihi, Li Dazhao akaja kuwa mkutubi mkuu, Hu Shi akafika kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na wakati huohuo mzee Gu Hongming aliingia darasani na mkia wake wa nywele mgongoni akifundisha ushairi wa Kiingereza na kuutetea ufalme. Katika maktaba ya Li alikuwepo kwa muda msaidizi mmoja kutoka Hunan aliyelipwa yuan 8, sarafu ya China, kwa mwezi, ambaye maprofesa hawakuwa na muda wa kuzungumza naye. Jina lake lilikuwa Mao Zedong.

Mapambano makali zaidi ya kundi hili yalihusu maandishi. Kitabu, gazeti, hati ya mahakama na barua ya heshima viliandikwa kwa Kichina cha kale ambacho hakuna aliyekizungumza nyumbani kwake, na kijana alihitaji miaka mingi ya kukariri ili akimudu. Januari 1917 Hu Shi alipendekeza kwa upole, katika vipengele vinane, kwamba watu waandike kwa lugha wanayoisema, na waache nukuu za kale na mapambo yasiyobeba maana; makala yenyewe aliiandika kwa lugha ya kale. Mwezi uliofuata Chen akageuza pendekezo hilo kuwa tangazo la vita. Tatizo likawa kwamba adui hakujitokeza. Machi 1918 mwanaisimu Qian Xuantong aliamua kuandika barua ndefu ya hasira dhidi ya jarida lao wenyewe, akatumia jina la kubuni la mzee mhafidhina, na mwenzake Liu Bannong akaijibu hoja kwa hoja katika toleo lilelile. Huo ulikuwa ulaghai, nami sitausifu kama njia ya kufanya taaluma, ila ulifanikiwa kuwafanya wasomaji wachague upande.

Qian huyohuyo alikuwa na kazi nyingine ya maana zaidi. Katika bweni la watu wa Shaoxing mjini Beijing aliishi karani wa Wizara ya Elimu ambaye, tangu enzi ya Yuan Shikai, alitumia jioni zake kunakili maandishi ya mawe ya kale, shughuli ambayo haikuweza kumshtua mpelelezi yeyote. Qian alimtembelea mara kwa mara na kumuuliza kunakili huko kuna faida gani. Mei 1918 karani yule alitoa hadithi yake ya kwanza kwa lugha ya kusemwa, kwa jina la Lu Xun: mwendawazimu anayesoma historia ya maadili na kuona, katikati ya mistari, kwamba imejaa watu wanaokula watu. Hakuna insha ya Chen iliyopenya kama kurasa zile chache. Kufikia 1920 Wizara ya Elimu ilikuwa imeagiza shule za msingi zianze kufundisha kwa lugha ya kusemwa katika madarasa ya chini. Katika yote yaliyofanywa na kizazi kile, ninaona hili ndilo lililodumu pasipo kupingwa. Katika maisha ya faragha mambo yalikwenda polepole zaidi: Hu Shi, mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi, alirudi kijijini Desemba 1917 akamwoa mchumba aliyechaguliwa na mama yake tangu utotoni, mwanamke aliyefungwa miguu, na ndoa yao ikadumu hadi Hu alipofariki.

Mtaniruhusu niingie sasa katika mwaka 1919, ambao una kitu kinachotuhusu moja kwa moja. China iliingia vitani upande wa Washirika mwaka 1917, na vibarua wa Kichina takribani 140,000 walifanya kazi Ufaransa na Ubelgiji wakichimba mahandaki na kupakua shehena, kama vile wapagazi wa Afrika Mashariki walivyobeba mizigo ya majeshi na kufa kwa makumi ya maelfu katika nchi hizi tunazoishi. Mjini Paris, tarehe 30 Aprili, wakuu wa mataifa makubwa waliamua kwamba haki za Ujerumani katika jimbo la Shandong ziende Japani. Tarehe 7 Mei wakuu haohao waliigawia Uingereza koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, na baada ya Ubelgiji kulalamika, Rwanda na Burundi zikaenda kwake. Mwafrika hakuwa na mjumbe mezani. Mchina alikuwa naye, Wellington Koo, aliyezungumza vizuri mno, na haikumsaidia kitu, hasa baada ya kubainika kwamba serikali ya Beijing ilikwisha kukubali matakwa ya Japani kwa siri mwaka 1918 wakati ikitafuta mikopo kwake.

Siku ya Jumapili, tarehe 4 Mei, wanafunzi wapatao 3,000 walikusanyika mbele ya lango la Tiananmen. Tamko walilosambaza liliandikwa na Luo Jialun, mwanafunzi wa Hu Shi, kwa lugha fupi ya kusemwa ambayo mchuuzi angeielewa akisomewa. Walizuiwa kuingia mtaa wa balozi za kigeni, wakageukia nyumba ya waziri Cao Rulin, aliyeshutumiwa kuipendelea Japani, wakaichoma moto, na kumpiga Zhang Zongxiang, balozi nchini Japani, waliyemkuta humo. Waliokamatwa walikuwa 32. Mwezi Juni serikali iliwakamata wanafunzi wengi kiasi kwamba majengo ya chuo yaligeuzwa jela. Hapo ndipo Shanghai ilipogoma: wenye maduka walifunga milango, wafanyakazi wa viwanda wakaacha mashine, bidhaa za Japani zikasusiwa. Tarehe 10 Juni Cao, Zhang na mwenzao Lu Zongyu walifukuzwa kazi, na tarehe 28 ujumbe wa China ulikataa kutia saini mkataba wa Versailles.

Tazameni kilichofanya kazi hapo. Mwamko wa fikra uliwapa vijana lugha na ujasiri, lakini kilichowaangusha maafisa watatu ni maduka yaliyofungwa. Chen alilitambua hilo upesi. Siku moja baada ya kufukuzwa kwa maafisa hao alikamatwa akisambaza vipeperushi, akakaa kizuizini karibu miezi mitatu. Katikati ya mwaka huo Hu Shi aliwasihi wenzake wachunguze matatizo mahususi, mshahara wa mvuta rikisho kwa mfano, wapunguze maneno juu ya nadharia kubwa, na Li Dazhao akamjibu kwamba matatizo hayo hayatatuliki bila watu wengi kuwa na lengo moja. Nimesoma mjadala huo mara nyingi na kila mara namwona Hu ana haki kuhusu mbinu na Li ana haki kuhusu nguvu. Julai 1921 wajumbe 13 waliokutana Shanghai walianzisha Chama cha Kikomunisti, wakamchagua Chen kuwa kiongozi ingawa hakuhudhuria. Hu alibaki na uchunguzi wake. Li alinyongwa Beijing mwaka 1927 kwa amri ya Zhang Zuolin.

Na bunge je? Ni haki niseme jambo linaloidhoofisha hoja yangu mwenyewe. Wabunge waliochaguliwa 1913 waliitwa tena mara kadhaa na majenerali waliohitaji muhuri wao, na Oktoba 1923, wakiwa wazee wa siasa wasio na wapiga kura, walimchagua Cao Kun kuwa rais kwa hundi zilizokadiriwa kuwa yuan 5,000 kwa kila kura. Mtu anaweza kusema kwamba watu wa namna hiyo hawakuhitaji kuuawa na yeyote. Mimi nasema kwamba miaka kumi ya kuvunjwa, kuitishwa, kufukuzwa na kununuliwa ndiyo iliyowafundisha bei yao. Sun Yat-sen aliyatazama hayo kutoka Guangzhou, na mwaka 1924, kwa fedha na washauri kutoka Urusi ya Kisovyeti, alikipanga upya chama chake cha Guomindang, akafungua chuo cha kijeshi cha Huangpu chini ya kamanda Chiang Kai-shek, na kumweka kijana mkomunisti Zhou Enlai katika idara ya siasa ya chuo hicho. Miongoni mwa wote waliosoma kifo cha Song Jiaoren, hawa ndio waliokisoma kuwa ni suala la nani anashika bunduki, na nchi ikawa ya vyama viwili vyenye majeshi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali yenu.